Kiungo Kabla ya Makali: Namna ya Kuchagua Kisu cha Kukunja

Kisu cha kukunja, kwa asili yake, ni kisu kilichokatwa kwa makusudi mahali pale pale ambapo visu vingine hutegemea kuwa imara. Katika kisu cha jikoni au cha machinjioni, chuma cha bapa huendelea ndani ya mpini kama mzizi, na nguvu ya mkono hupita moja kwa moja hadi kwenye makali. Katika kisu cha kukunja, mzizi huo haupo, na kazi yake imeachiwa msumari mmoja mwembamba ambao bapa huuzunguka kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Faida yake iko wazi, kwa kuwa kisu huingia mfukoni bila ala na makali hulala ndani ya mpini pasipo kumdhuru mtu, lakini gharama yake ni kwamba karibu kila ubovu wa kisu hicho huanzia pale kwenye kiungo. Wanunuzi wengi huuliza kwanza habari za chuma, kisha urefu, kisha bei, na kiungo hukigundua miezi mitatu baadaye, bapa linapokuwa limeshaanza kucheza. Mpangilio wa maswali ulio na manufaa zaidi ni wa kinyume: kiungo kitangulie, kifuate chuma ambacho mwenye kisu ataweza kukinoa mwenyewe, na mengine yaje nyuma ya hayo.

 

Kisu cha namna hii ni cha kale kuliko inavyodhaniwa. Kimoja kilichopatikana Hallstatt, nchini Austria, chenye mpini wa mfupa, kinakadiriwa kuwa cha kati ya mwaka 600 na 500 kabla ya Kristo, na Warumi nao walikuwa na vyao. Kwa karne nyingi, hata hivyo, kilibaki kazi ya mhunzi mmoja mmoja, na visu vinavyojulikana leo vilitokana na viwanda vya mwishoni mwa karne ya 19, wakati mashine zilipoanza kukata bapa mia zenye kipimo kimoja. Visu vitatu vya kipindi hicho, vilivyotokea ndani ya miaka kumi na miwili tu, vinatosha kuonyesha njia tatu za kulitatua tatizo la kiungo, na vyote vitatu vingali vinauzwa.

Cha kwanza ni Opinel, kilichoanzishwa mwaka 1890 na Joseph Opinel katika eneo la milima la Savoie, Ufaransa, kikiwa kisu cha wakulima chenye mpini wa mti wa mviringo, bapa jembamba na msumari mmoja, basi. Mwaka 1897 vilitolewa kwa saizi kumi na mbili zenye nambari 1 hadi 12, na nambari 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ndiyo iliyopendwa zaidi hadi leo. Mwanzoni hakikuwa na komeo lolote. Bapa lilishikiliwa wazi kwa kubanwa na mti wenyewe, hadi mwaka 1955 Marcel Opinel alipobuni pete ya chuma inayozungushwa kwenye shingo ya mpini ili kuziba njia ambayo bapa lingepitia kurudi ndani.

Cha pili ni kile cha Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi la nchi yake visu vya askari, ingawa shehena ya kwanza ya visu hivyo ilikuwa imetengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa sababu Uswisi haikuwa na kiwanda chenye uwezo huo. Askari alihitaji kufungua makopo ya chakula na kulegeza skrubu za bunduki mpya ya jeshi, kwa hiyo kisu kikawa na kifungua kopo na bisibisi pembeni mwa bapa. Kisu cha maofisa, kilichosajiliwa tarehe 12 Juni 1897, kilikuwa chepesi zaidi, na ubunifu wake haukuwa katika wingi wa vifaa bali katika springi: Elsener alizipanga springi mbili tu zihudumie vifaa sita, kila moja ikisukuma vifaa vya pande zote mbili za mpini. Jina la Victorinox lilikuja baadaye, likiunganisha jina la mama yake, Victoria, na neno inox, ambalo ndilo jina la chuma kisichoshika kutu kwa Kifaransa.

Cha tatu kina uhusiano wa karibu na Afrika. Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, na tangu mwanzo kilikusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, ambayo wakati huo yalijumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi. Jina lake ni la mnyama wa msitu wa Ituri, nchini Kongo, ambaye Wambuti walimjua tangu zamani lakini wanasayansi wa Ulaya walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1901, baada ya Harry Johnston, aliyekuwa akiitawala Uganda kwa niaba ya Uingereza, kupeleka London vipande vya ngozi na mafuvu yake. Kisu, basi, kilipewa jina lililokuwa bado jipya magazetini. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini, na sura yake haikubadilika sana: mpini wa mti wenye mwezi mchanga na nyota za madini zilizopachikwa ubavuni, bapa refu la chuma cha kaboni, na pete ndogo mgongoni. Bapa linapofunguliwa hutoa mlio wa meno yanayoshikana, mmoja baada ya mwingine, na ili lifungwe ni lazima pete ivutwe juu iinue springi. Ni kisu cha bei ndogo, kisichosuguliwa kwa umaridadi, na nchini Afrika Kusini kimechukua sifa mbaya ya kuwa kisu cha wahuni, sifa ambayo mkulima anayekitumia kukatia kamba hakuichangia kwa lolote.

Namna ambavyo bapa huzuiwa lisirudi ndani likiwa kazini ndiyo sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Kisu cha Uswisi cha kawaida hakina komeo, maana yake hakuna kitu kinacholifunga bapa kabisa. Kuna springi ya mgongoni inayolisukuma lisimame wazi, na mkono ukilikandamiza kwa upande wa mgongo, springi hukubali na bapa hufungika. Jambo hilo huonekana kama kasoro, ingawa kwa kazi nyingi za mfukoni si kasoro, kwa sababu mtu anayekata embe, uzi au karatasi husukuma makali mbele wala hasukumi mgongo. Ajali hutokea kisu kinapotumiwa kuchoma, kama vile kutoboa tundu katika mkanda au kudunga gunia, kwani ncha ikikwama, mkono husogea mbele na bapa hufunga juu ya vidole. Anayejua kwamba kazi yake ina kudunga ndani yake anahitaji komeo.

Makomeo yenyewe ni ya aina chache. Pete ya Opinel ni rahisi kueleweka na ni vigumu kuharibika, ila inadai mikono miwili na inadai mtu akumbuke kuizungusha. Komeo la mgongoni, lililoenea duniani baada ya kampuni ya Buck ya Marekani kuuza kisu chake cha 110 kuanzia mwaka 1964, ni kipande cha chuma kilicholala mgongoni mwa mpini kama mzani, ambacho jino lake hutumbukia katika pengo lililochongwa kwenye shina la bapa, yaani kitako chake kinachouzunguka msumari, na hufunguliwa kwa kukandamiza mgongo wa mpini. Komeo la ubavuni, ambalo sura yake ya sasa inatokana na kazi ya Michael Walker wa Marekani katika miaka ya 1980, ni ulimi mwembamba wa chuma ulio ndani ya mpini, unaoruka na kukaa nyuma ya shina mara bapa linapofunguka. Chris Reeve, mtengenezaji wa visu aliyetoka Afrika Kusini na kuhamia Marekani, alilipeleka wazo hilo mbele kwa kuufanya ubavu wenyewe wa mpini kuwa ulimi, na kisu chake maarufu akakiita Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi.

Kwa mtu wa kawaida, komeo la mgongoni lililotengenezwa vizuri linafaa kuliko la ubavuni la bei ndogo, kwa sababu la pili linategemea ulimi ukate pembe sahihi kabisa nyuma ya shina, na viwanda vinavyobana gharama hukosea hapo hapo. Zaidi ya hayo, mtu anayefunga kisu chenye ulimi wa ubavuni hulazimika kuweka kidole gumba katika njia ya bapa kwa nukta moja, na asiyezoea hujikata siku ya kwanza.

Kukipima kiungo dukani hakuhitaji chombo chochote. Kisu hufunguliwa polepole, na mkono husikiliza: mwendo unapaswa kuwa wa namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukwaruza kama kuna mchanga ndani, na mwishoni usikike mlio mmoja mkavu wa kukaa mahali pake. Kisha mpini hushikwa kwa mkono wa kushoto na ncha hushikwa kwa upole kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, ikasukumwa kushoto na kulia, halafu juu na chini. Bapa likicheza kwa kiasi cha kuonekana na jicho, kisu hicho kirudishwe mezani, hata kama muuzaji ataeleza kwamba kitakaza kikizoea, kwa kuwa chuma hakikazi kwa kuzoea, hulegea. Baada ya hapo kisu huinuliwa kuelekea dirishani na kutazamwa mgongoni, mahali ambapo bapa hukutana na springi: mwanga ukipenya kati ya vyuma hivyo viwili, hapo ndipo maji, maganda na jasho vitakapokaa. Mwishoni kisu hukunjwa na kutazamwa kwa juu, ili ionekane kama bapa limelala katikati ya mpini au limeegemea upande mmoja. Lililoegemea huenda likawa linasugua ubavu kwa ndani, na alama ya msuguo huo huonekana kama mstari wa kung'aa kwenye chuma.

Komeo nalo hupimwa kwa kulisukuma bapa kuelekea kufungika kwa nguvu ndogo, vidole vikiwa nje kabisa ya njia yake. Wapo wanaopenda kugonga mgongo wa kisu juu ya meza kwa nguvu ili kuona kama komeo litaachia, mtindo ambao huharibu makomeo mazuri na hauthibitishi jambo lolote kuhusu kazi halisi.

Ikiwa kiungo kimekubalika, swali la chuma sasa lina maana. Pua ni chuma kilichochanganywa na kiasi kidogo cha kaboni, na kaboni hiyo ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu kinapochomwa na kupozwa ghafla. Kiswahili cha zamani kiliita pua bora feleji, na upanga wa feleji ulikuwa upanga wa mtu mwenye uwezo. Leo neno hilo limebaki zaidi katika tenzi, na bapa za viwandani hutambulishwa kwa nambari na herufi zilizopigwa chapa. Nambari hizo hueleza mchanganyiko wa madini, wala hazielezi jambo lililo muhimu zaidi, yaani jinsi chuma kilivyopikwa. Pua ya kaboni huchomwa hadi iwe nyekundu ya kung'aa, ikazamishwa kwenye mafuta, na hapo huwa ngumu lakini yenye kuvunjika kama kioo. Ni lazima ipashwe tena kwa joto dogo, la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, ili ugumu upungue kidogo na ustahimilivu urudi. Kiwanda kikiharakisha hatua hizo, chuma ghali huwa kisu kibovu, na kiwanda makini hutengeneza kisu kizuri kwa chuma cha kawaida. Victorinox ni mfano mzuri, kwani bapa zake ni za chuma kisicho na sifa za kujivunia katika orodha, ilhali zimekata vizuri kwa vizazi kadhaa.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, ambacho husukuma ncha ya almasi ndani ya chuma na kuangalia imezama kiasi gani. Bapa la kisu cha Uswisi lina ugumu wa takriban 56 katika kipimo hicho, na visu vingi vya kisasa vya bei ya kati viko kati ya 57 na 60. Chuma laini zaidi hulaza makali yake, yaani ukingo hujikunja upande mmoja na kuwa butu, lakini hurudi upesi kwenye kinoo. Chuma kigumu zaidi hukaa na makali muda mrefu, ila kikigonga mfupa au msumari hupata mapengo. Tofauti ya nambari mbili au tatu ni kubwa mkononi kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Suala la kutu linategemea mahali. Mwaka 1913 Harry Brearley, akiwa Sheffield nchini Uingereza, alitengeneza pua yenye kiasi kikubwa cha kromiamu, madini ambayo hukutana na hewa na kufanya utando mwembamba usioonekana juu ya chuma, nao utando huo huzuia kutu. Chuma kisichoshika kutu huanzia kwenye kromiamu ya asilimia 10.5 hivi, na visu huwa na asilimia 13 au zaidi. Jina hilo lisichukuliwe neno kwa neno, kwa kuwa chumvi huutoboa utando huo, na mvuvi wa Kilwa au Lamu anayekiacha kisu chake katika mtumbwi kikiwa na maji ya bahari atakuta vidoa vya kahawia hata kwenye bapa lililoandikwa inox. Pua ya kaboni isiyo na kromiamu, kama ile ya Okapi na ya baadhi ya visu vya Opinel, inanoleka kwa urahisi na hupokea makali ya kunyoa, lakini ndimu au embe bichi huipaka weusi ndani ya dakika chache, na kipande cha kwanza cha tunda kitakachokatwa huwa na ladha ya chuma. Weusi huo si ubovu. Ukiachwa ukae sawasawa hugeuka rangi ya kijivu inayopunguza kutu. Kwa jumla, anayeishi mwambao achague chuma chenye kromiamu, na anayeishi Iringa, Eldoret au Bukavu, mbali na chumvi, ana uhuru wa kuchagua kaboni mradi atakuwa na kitambaa cha kupangusia.

Kuna vyuma vipya vya bei ya juu, kama S30V ya Marekani, vyenye kromiamu ya asilimia 14 pamoja na vanadi ya asilimia 4. Vanadi hufanya chembe ngumu sana ndani ya bapa, na chembe hizo ndizo zinazoyafanya makali yadumu; lakini chembe hizo hizo ni ngumu kuliko mawe mengi ya kunolea yanayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kiasi kwamba mwenye kisu hulazimika kutafuta kinoo chenye unga wa almasi. Kisu kikishakuwa butu na hakuna wa kukinoa, bei yake yote imelala kabatini. Hiyo ndiyo sababu ya kukiangalia kinoo cha nyumbani kabla ya kuangalia nambari iliyo kwenye bapa.

Umbo la bapa si jambo la kuumiza kichwa. Linalofaa kazi nyingi ni lenye mgongo unaoshuka taratibu hadi ncha, na tumbo, yaani sehemu iliyopinda ya makali, lisilo kubwa mno. Bapa lenye makali yaliyonyooka na ncha iliyoshuka kama kwato ya kondoo ni zuri kwa fundi umeme anayemenya waya na kwa mabaharia wanaokata kamba, kwa sababu haliwezi kudunga kwa bahati mbaya. Kinachosahaulika ni unene. Bapa nene la milimita 4 huonekana la kiume na hukata embe kama shoka linavyopasua gogo, likilitenganisha tunda badala ya kulikata. Bapa la milimita 2 hupita humo bila kelele. Urefu wa sentimita 6 hadi 9 unatosha kazi za kila siku.

Mpini ujaze kiganja bila kukipita, na mtu aufinye kwa nguvu nukta chache kabla ya kulipa, kwani kona zisizosuguliwa na kibanio cha mfukoni kilichokaa vibaya hujulikana hapo tu. Mti unapendeza na haupati baridi, lakini hunywa maji. Mwenye Opinel aliyenyeshewa na masika huenda akakuta mti umevimba na bapa halitoki. Watu wa Savoie hugonga kitako cha mpini juu ya meza, upande wa nyuma, na bapa huchomoza kidogo kiasi cha kushikika. Plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo haivutii macho, lakini kwa wavuvi na mafundi ndiyo yenye akili zaidi. Mpini uliounganishwa kwa skrubu unaweza kufunguliwa, ukasafishwa na kukazwa, wakati uliounganishwa kwa ribiti, yaani msumari uliofuliwa pande zote mbili, ukilegea huhitaji nyundo na mkono wa fundi.

Visu bandia ni vingi, na jina la kampuni kwenye bapa si ushahidi. Jina Laguiole, la kijiji cha Ufaransa kinachojulikana kwa visu vyenye nyuki juu ya springi, kwa miaka mingi limepigwa kwenye visu vya nchi mbalimbali visivyowahi kukisogelea kijiji hicho. Mwigaji huiga chapa, rangi na sanduku kwa urahisi. Kukaza kwa kiungo humgharimu, kwa hiyo vipimo vya mkono vilivyoelezwa hapo juu humfichua mara nyingi kuliko nembo.

Kuhusu kunoa, adui mkubwa wa kisu kizuri ni gurudumu linalozunguka kasi bila maji. Mnoaji wa mtaani anayekanyaga baiskeli yake hufanya kazi nzuri kwenye panga na visu vya jikoni, lakini bapa jembamba la kisu cha mfukoni hupata moto upesi, na likibadilika rangi kuwa buluu karibu na ukingo, joto limeshaondoa ugumu wa sehemu hiyo, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Kinoo cha pande mbili, mmoja wa chembe kubwa na mwingine wa chembe ndogo, hutosha. Bapa hulazwa kwa pembe ya nyuzi 20 hivi, na asiye na kipimo achukue kona ya karatasi yenye nyuzi 90, aikunje mara moja ipatikane 45, aikunje tena ipatikane 22.5, kisha aisimamishe kando ya kinoo kama mfano. Upande mmoja husuguliwa mpaka kidole, kikivutwa kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kihisi kiukingo chembamba cha chuma kilichopinduka upande wa pili. Ndipo bapa hugeuzwa. Kiukingo hicho huondolewa kwa kusugua kidogo kidogo kwa zamu, kisha bapa huvutwa juu ya mshipi wa ngozi, mgongo ukitangulia. Makali yaliyokamilika hayang'ai: kisu kikiinuliwa chini ya taa na mstari mweupe ukaonekana ukingoni, hapo pana ubutu unaorudisha mwanga.

Sheria za kubeba kisu hutofautiana sana, na Waswahili wanaosafiri hunaswa na tofauti hizo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, humruhusu mtu kubeba bila maelezo kisu cha kukunja kisicho na komeo na chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62; chenye komeo, hata kikiwa kifupi, kinahitaji sababu ya msingi, na kile kinachofyatuka kwa kubonyeza kitufe kimekatazwa kabisa. Hivyo kisu cha Uswisi kisicho na komeo, ambacho fundi wa Dar es Salaam angekidharau kwa udhaifu wake, ndicho halali jijini London. Sheria ya Kenya hukataza mtu kutembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu, maana yake ni kwamba mahali, saa na tabia ya mbebaji huangaliwa pamoja na kisu chenyewe. Katika viwanja vya ndege, mfuko wa mkononi si mahali pake. Kisu kilichosahaulika humo huishia katika sanduku la vitu vilivyotwaliwa, kwa hiyo kiwekwe mapema katika mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege.

Utunzaji wa kiungo ni mdogo lakini una mbinu zake. Mafuta ya nazi yanafaa kwa bapa linalogusa chakula, ila hayafai ndani ya kiungo, kwa kuwa huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kisu kilichopakwa Mombasa kikifika Limuru asubuhi hufunguka kwa shida kama kilichotiwa gundi. Mafuta mepesi ya cherehani ndiyo yanayofaa. Tone moja huwekwa juu ya msumari, kisu hufunguliwa na kufungwa mara kumi au kumi na tano, na mafuta yanayotoka, ambayo mwanzoni huwa meusi kwa uchafu na unga wa chuma, hupanguswa kwa kitambaa. Kisha tone jingine huwekwa, na jingine, mpaka kitambaa kibaki cheupe.